BAL ni nini, na klabu ya Tanzania imefikaje huko?

Tangu Novemba 2025, Dar City ilipopata nafasi ya kucheza Ligi ya Mpira wa Kikapu Afrika, ile inayojulikana kama BAL, ujumbe wa wasikilizaji kuhusu kikapu umeongezeka hapa kituoni kuliko tulivyozoea. Kawaida ukitaka simu ya studio iite bila kupumzika, taja Simba na Yanga. Safari hii watu wa Mzumbe, Mlali na hata kule juu Mgeta wanauliza habari za kikapu. BAL ni nini? Dar City ni timu ya taifa? Kwa nini mechi zinachezwa Kigali na Pretoria, hazichezwi hapa kwetu? Na msikilizaji wetu mmoja wa Changarawe alituma swali ambalo tumelijadili ofisini kuliko mengine yote: "Timu ni ya Dar, wachezaji wengine wametoka nje. Sisi wa huku tunashangilia nini?"

Tunaanza na maswali mepesi. Hilo la mwisho tutalifikia, maana linataka maelezo kidogo.

Klabu, si timu ya taifa

BAL ni mashindano ya klabu. Mashindano ya timu za taifa ni mengine, yanaitwa AfroBasket. Kwa mpenzi wa soka ni rahisi kuelewa: AfroBasket ni kama AFCON, na BAL ni kama Ligi ya Mabingwa Afrika. Klabu inakuwa bingwa nyumbani kwao, inatumwa kuwakilisha nchi, na huko inakutana na mabingwa wa nchi nyingine.

Mashindano ya klabu bingwa za kikapu Afrika si mapya. Yalianza mwaka 1972 chini ya shirikisho la kimataifa la mchezo huo, FIBA, na kwa miaka mingi Primeiro de Agosto ya Angola ndiyo iliyokuwa ikitajwa zaidi, kwani ililibeba taji hilo mara 9. Lakini yalikuwa mashindano ambayo hata shabiki wa kikapu wa Morogoro angeweza kuyakosa mwaka mzima bila kujua kama yamefanyika. Hayakuwa na televisheni ya kutosha, wala fedha, wala jina.

Februari 2019 FIBA na NBA, ambayo ni ligi ya kulipwa ya Marekani, zilitangaza kwamba zitaanzisha ligi mpya pamoja. NBA haikuwahi kabla ya hapo kushiriki kuendesha ligi nje ya Amerika Kaskazini. Rais wa ligi hiyo ni Amadou Gallo Fall, Msenegali. Msimu wa kwanza ulipangwa uanze Dakar Machi 2020, korona ikauzuia. Ukachezwa mwaka uliofuata, Mei 2021, timu zote 12 zikiwa Kigali katika ukumbi mmoja, ule uliofunguliwa 2019 wenye viti vipatavyo 10,000 na ambao sasa unaitwa BK Arena.

Mabingwa wa misimu mitano ya kwanza ni hawa. Mwaka 2021 Zamalek ya Misri iliifunga US Monastir ya Tunisia pointi 76 kwa 63. Mwaka 2022 Monastir ikarudi na kulichukua, ikiishinda Petro de Luanda ya Angola. Al Ahly ya Misri ikafuata 2023 mbele ya AS Douanes ya Senegal, kisha Petro de Luanda ikapata la kwake 2024 kwa kuifunga Al Ahly ya Benghazi, Libya, pointi 107 kwa 94. Mwaka 2025 fainali ilitoka Kigali kwa mara ya kwanza, ikachezwa Pretoria, na Al Ahli ya Tripoli ikaishinda Petro.

Ukiyahesabu mataji hayo matano, manne yamekwenda Afrika Kaskazini. Majina ya Zamalek na Al Ahly mnayajua, ni klabu zilezile zinazotusumbua kwenye soka. Huko klabu ni kama chama kikubwa chenye wanachama, kumbi na timu za michezo mingi chini ya paa moja: soka, kikapu, mpira wa mikono, wavu. Mchezaji wa kikapu wa Al Ahly anaamka asubuhi kwenda mazoezini kama mwalimu anavyokwenda shuleni. Kwetu wachezaji wengi wazuri wanaamka kwenda kazini au darasani kwanza, kikapu baadaye jioni.

Safari ya kufika huko

Nchi hazianzii mstari mmoja. Zipo ambazo bingwa wake anaingia BAL moja kwa moja, na tangu mwanzo nafasi hizo zilipewa nchi kama Misri, Tunisia, Morocco, Senegal, Angola na Nigeria. Rwanda nayo, ikiwa mwenyeji na mfadhili, imekuwa ikipata nafasi yake. Nchi nyingine zote, Tanzania ikiwamo, zinapita kwenye mchujo.

Mchujo una ngazi mbili. Ya kwanza huchezwa kwa makundi, mara nyingi Oktoba, kila kundi katika mji mmoja. Wanaofaulu wanakwenda ngazi ya pili, ambayo kwa upande wetu wa mashariki hukusanya timu 8 katika makundi mawili ya timu nne nne. Timu mbili za juu za kila kundi zinacheza nusu fainali. Tiketi ni tatu, na hapa ndipo utamu ulipo: ukishinda nusu fainali umekwisha kufuzu, hata ukipoteza fainali. Ukipoteza nusu fainali bado unacheza mechi ya kutafuta mshindi wa tatu, na hiyo ndiyo mechi ya jasho kuliko hata fainali yenyewe, maana mmoja anakwenda BAL na mwingine anarudi nyumbani kusubiri mwaka mzima.

Klabu zetu zimeujaribu mlango huo mara nyingi. JKT ilishiriki Oktoba 2019, Dar es Salaam ikiwa mwenyeji wa kundi. Kurasini Heat ikajaribu 2021, Pazi 2023. Kila mara tuliishia nje, na kila mara tuliwaona jirani wakipita. Patriots ya Rwanda ilicheza msimu wa kwanza kabisa na kumaliza ya nne. Cobra Sport ya Sudan Kusini ilifika 2022. City Oilers ya Kampala ikaingia 2023 na 2024, na Nairobi City Thunder ikawa ya kwanza kutoka Kenya mwaka 2025. Mwaka huohuo APR ya Kigali ilifika nusu fainali. Kwa hiyo Dar City ilipofuzu Nairobi Novemba 2025 kwa msimu wa 2026, ambao ni wa sita, ikawa klabu ya kwanza ya Tanzania kuvuka, na furaha ile tuliyoisikia kwenye simu zenu ilikuwa imekaa foleni miaka sita.

Kuhusu kwa nini mechi hazichezwi nyumbani na ugenini kama za CAF, sababu kubwa ni gharama na kumbi. Kikapu cha ngazi hiyo kinataka ukumbi wa ndani wenye sakafu ya mbao, saa za elektroniki na nafasi ya kamera. Badala ya kuzirusha timu 12 huku na huko bara zima, BAL inazikusanya kwa vikundi katika mji mmoja kwa siku kadhaa. Mwaka 2025 vikundi vilichezwa Rabat, Dakar na Kigali. Ratiba ya 2026 ikapangwa kwa Pretoria na Rabat kwa hatua ya vikundi, na Kigali kwa hatua ya mtoano.

Watu wa Mvomero hawahitaji kuelezwa sana uzito wa nauli. Mtibwa Sugar, mabingwa wa soka wa nchi hii 1999 na 2000, walikosa kusafiri kwenda kucheza ugenini Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakaadhibiwa na CAF. Walipotwaa Kombe la Shirikisho mwaka 2018 ilibidi kwanza washughulikie faini ile ya zamani ndipo waruhusiwe kurudi kimataifa. Kwenye kikapu mambo ni yaleyale. Klabu nyingi za ukanda huu zinaingia mchujo zikiwa zimechangisha, na bingwa wa nchi anaweza kukwama kwa sababu ya tiketi za ndege huku miguu yake ikiwa mizima kabisa.

Jezi iliyowatoa Warundi

Kisa kimoja kinafaa kuelezwa, kwa sababu watu wengi walisikia nusu yake tu. Machi 2024 Dynamo ya Burundi ilifika Pretoria kwa mara yake ya kwanza kwenye BAL. Jezi za timu zote zilikuwa na tangazo la utalii la Rwanda, mmoja wa wafadhili wa ligi. Uhusiano wa Burundi na Rwanda wakati huo ulikuwa mbaya, mpaka ukiwa umefungwa tangu Januari. Dynamo wakacheza mechi ya kwanza dhidi ya Cape Town Tigers wakiwa wameziba maandishi yale, na wakashinda. Baada ya hapo waliambiwa wavae jezi kama ilivyo. Wakakataa. Mechi ya pili hawakucheza, ya tatu hawakucheza, wakatolewa.

Kanuni iliyowatoa ni ya FIBA, nayo inatumika hata kwenye ligi ya mkoa: timu isiyotokea uwanjani au inayokataa kucheza inahesabiwa imefungwa 20 kwa 0, na ikirudia mara ya pili katika mashindano hayohayo inaondolewa kabisa, hata matokeo yake ya nyuma yanafutwa. Maoni yetu ni kwamba waliopoteza zaidi pale ni vijana kumi na wawili waliokuwa wamekwisha kuonyesha kwamba wanaweza, na ambao hawakuwa na sauti katika ugomvi wenyewe.

Kuusikiliza mchezo redioni

Baadhi yenu mmetuambia kikapu redioni kinawachanganya, pointi zinakwenda mbio kuliko mtangazaji. Ni kweli. Mechi moja inaweza kuwa na pointi 150 za pande mbili. Basi shikeni mambo machache.

Mechi ina robo nne za dakika 10, na saa inasimama kila mpira unaposimama, ndiyo maana dakika 40 zinachukua karibu saa mbili. Hakuna sare. Wakilingana wanaongezewa dakika 5, na nyingine tena ikibidi. Mtupo wa kawaida ni pointi 2, wa nje ya ule mstari mkubwa uliopinda ni 3, na mtupo huru ni 1. Mstari huo uko mita 6.75 kutoka kwenye kikapu. Timu ikipata mpira ina sekunde 24 za kurusha. Mchezaji akifanya faulo ya tano anatoka na harudi. Timu ikifikisha faulo nne ndani ya robo moja, kuanzia ya tano wapinzani wanapewa mitupo huru miwili. Ndiyo sababu mtangazaji anapenda kusema "wameshajaza faulo": anakuonya kwamba kuanzia hapo kila mguso una bei.

Msimamo nao una mtego. Mshindi anapata alama 2, aliyeshindwa anapata alama 1, na asiyetokea anapata sifuri. Msikilizaji wa soka akisikia timu iliyofungwa mechi zote tatu ina alama 3 anadhani tumekosea kusoma. Hatujakosea. Timu mbili zikilingana alama, inatazamwa mechi waliyokutana wao kwa wao. Zikiwa tatu, zinatazamwa mechi za hizo tatu peke yake, na zikibaki sawa zinahesabiwa pointi za kufunga na kufungwa kati yao. Hapo utaelewa kwa nini timu iliyokwisha kushindwa kwa pointi 12 bado inahangaika sekunde za mwisho kurusha mtupo wa pointi tatu. Kushindwa kwa 9 badala ya 12 kunaweza kuwapeleka nusu fainali.

Sasa swali la Changarawe

Ni kweli BAL inaruhusu wachezaji wa kigeni. Kanuni ya tangu msimu wa kwanza ilikuwa wachezaji 13 kwa kila timu, angalau 9 wa nchi ya klabu na wa kigeni wasiozidi wanne, na kati ya hao wanne wawili tu ndio wanaoweza kutoka nje ya Afrika. Idadi hizi zinaweza kurekebishwa, lakini shabaha ni ileile: klabu iimarike kwa wageni, ila wenyeji wawe wengi kwenye orodha.

Tatizo ni kwamba orodha na uwanja ni vitu viwili. Wanaocheza kwa wakati mmoja ni watano. Kocha anayetafuta tiketi ya kufuzu atawaweka wageni wake wanne na mzawa mmoja, na wazawa wengine wanane wataliona pambano vizuri sana kutoka benchi. Hatusemi kila timu inafanya hivyo, ila ni jambo la kulitazama msimu ukiwa unaendelea. Ukisoma takwimu za mechi, usiishie kwenye pointi. Tazama dakika. Mzawa aliyecheza dakika 18 dhidi ya Petro amejifunza jambo ambalo hakuna mazoezi yanayoweza kumpa.

Kwa upande wa pili, wageni wana faida yao pia. Kijana anayefanya mazoezi kila siku na mtu aliyekwisha kucheza ligi ya kulipwa anaongezeka, apende asipende. Na bila wageni huenda tungekuwa bado tunahesabu miaka ya kubaki nje. Sisi tunaona bei hiyo inalipika kwa msimu mmoja au miwili, mradi kuna kitu kinachojengwa chini yake. Kama hakuna, msikilizaji wetu atakuwa na haki ya kuuliza tena swali lake mwaka 2030.

Je, chini yake kuna nini? Hapo ndipo Mzumbe inapoingia.

Mzumbe ni mahali pa shule kwa muda mrefu. Chuo kilianza 1953 kufundisha watawala wa serikali za mitaa, kikawa IDM mwaka 1972, na Chuo Kikuu 2001. Shule ya sekondari ya Mzumbe imepokea vijana wa kila mkoa. Mtoto anayetua pale kutoka Kigoma au Mtwara akiwa na urefu na miguu mepesi, anaweza kushika mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza maishani huku huku kwetu. Akiwa mzuri atacheza UMISSETA, ataonekana kidogo, atamaliza shule, ataondoka. Akitaka kuendelea na kikapu, njia iliyonyooka ni Dar es Salaam, kwa sababu ligi ya mkoa ule ndiyo yenye timu nyingi, mechi nyingi na macho mengi. Kutoka hapo ndipo anaweza kuingia timu inayocheza ligi ya taifa chini ya TBF, shirikisho la kikapu nchini. Bingwa wa taifa ndiye anayekwenda mchujo wa BAL. Kwa hiyo kati ya kijana wa Mzumbe na Kigali hakuna ukuta, kuna pengo, nalo ni la mkoa: ligi ya uhakika ya kila mwaka, inayoanza tarehe inayojulikana na kumalizika.

Wenzake wa vijiji vya jirani wana pengo la karibu zaidi. Viwanja vingi vya kikapu katika mkoa wetu vimo ndani ya uzio wa shule na vyuo. Kijana anayeuza ndizi stendi ya Msamvu au anayelima nyanya Mlali anaweza kuwa na urefu wa mita mbili na asijue kuwa huo ni mtaji.

Si maneno ya kufikirika. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam 1987 na alianza kikapu akiwa na miaka kama 15, umri ambao makocha wengi wanaona mtoto amechelewa. Aliichezea shule ya Makongo, akaenda Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika vijana wote walioingia NBA mwaka huo. Hakuna Mtanzania aliyewahi kucheza ligi hiyo kabla yake. Urefu wake ni mita 2.21.

Cha Khaman Maluach kinakaribiana zaidi na habari yetu, maana yeye amepita kwenye BAL yenyewe. Ni mtoto wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, Kampala, na mazoezi ya mwanzo aliyafanya na viatu vya Crocs kwa kuwa hakuwa na raba za saizi yake. Alifika chuo cha vipaji cha NBA kilichopo Saly, Senegal. BAL ina utaratibu wa kuzigawia timu kijana mmoja mmoja kutoka chuo hicho, hivyo akaichezea Cobra Sport 2022, AS Douanes 2023 na City Oilers 2024. Akaenda Duke, Marekani, na mwaka 2025 akachaguliwa wa 10 kuingia NBA. Misimu mitatu ya BAL, timu tatu, kabla hajafikisha miaka 18.

Kwa upande wa wasichana BAL haina timu. Wao wana mashindano yao ya klabu Afrika chini ya FIBA, na Tanzania ikiwa Kanda ya Tano inaanza kwa kupambana na Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Misri na wengine wa kanda hiyo. JKT Stars wamekuwa wakituwakilisha. Mashindano hayo yanapata kelele ndogo kuliko yanavyostahili, na tunakusudia kuyapa nafasi kwenye habari za michezo yatakapoanza.

Ukitaka kuanza na ulicho nacho

Wazazi na walimu wachache wametuuliza kuhusu vipimo, kwa hiyo hivi hapa. Karibu kila shule ya msingi ina nguzo za netiboli, na watu wengi hawajui kwamba ringi ya netiboli na ringi ya kikapu ziko kwenye urefu uleule, mita 3.05 kutoka ardhini. Mtoto aliyezoea kulenga netiboli shuleni amekwisha kuzoea kimo cha Kigali. Tofauti ni upana na ubao: ringi ya netiboli ina sentimita 38 na haina ubao nyuma, ya kikapu ina sentimita 45 na ina ubao wa mita 1.80 kwa 1.05, ukingo wa chini wa ubao ukiwa mita 2.90 kutoka chini. Fundi wa kuchomelea anayejua kazi anaweza kutengeneza ringi hiyo kwa nondo. Mwambieni aifunge imara, kwa sababu vijana wataning'inia hata mkiwakataza.

Uwanja kamili ni mita 28 kwa 15, lakini hauhitaji wote. Kikapu cha watatu kwa watatu kinachezwa nusu uwanja na ringi moja, dakika 10, au wa kwanza kufikisha 21. Ni mchezo rasmi wa Olimpiki tangu Michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Mpira wa wanaume ni saizi 7, wa wanawake saizi 6. Udongo mwekundu wa huku ukishindiliwa vizuri wakati wa kiangazi mpira unadunda bila shida. Masika ni habari nyingine, na yeyote aliyepita njia ya Mgeta mwezi wa nne anatuelewa.

Kuhusu kufuata mechi kwa simu, video inakula bando, lakini takwimu na matokeo kwenye tovuti ya BAL ni maandishi na namba tu, yanafunguka hata mtandao ukiwa dhaifu. Angalieni saa. Kigali na Pretoria wako saa moja nyuma yetu, Rabat kwa kawaida saa mbili. Mechi ikiandikwa saa 12 jioni Kigali, huku ni saa 1 usiku. Ikiandikwa saa 12 jioni Rabat, huku ni saa 2 usiku. Siku Dar City wanapocheza, matokeo tutayasoma kwenye taarifa ya usiku, na asubuhi yake tutataja dakika walizocheza wazawa, mmoja mmoja.